Ufadhili wa Masomo ya Sayansi na Uhandisi: Fedha Hutoka Wapi na kwa Gharadhi Gani

Kila mwaka, katika mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa Tanzania, huwapo vijana, wengine wa miji mikuu na wengine wa vijiji ambavyo basi hufika mara moja kwa siku, waliosoma fizikia, kemia na hisabati kwa vitabu vya kuazimana na katika maabara zenye nusu ya vifaa, wakapata daraja la kwanza, wakapongezwa na jamaa na jirani, kisha, furaha ya siku mbili tatu ilipotulia, wakakabiliwa na swali ambalo hakuna mwalimu aliyewatayarisha kulijibu: nani atalipa? Swali hilo humfikia kadhalika mhitimu wa shahada ya kwanza ya uhandisi atamaniye kuendelea, na mhadhiri msaidizi ambaye chuo chake kimempa muhula wa miaka kadhaa awe amepata shahada ya uzamivu bila ya kumwonyesha fedha ya kuipatia. Majibu wanayopewa aghalabu ni ya namna moja, nayo ni kwamba watafute ufadhili. Walakini mahali pa kuutafuta, na namna ya kuutafuta, huachwa kama siri ya watu wachache waliobahatika kuwa na ndugu aliyetangulia.

Nionavyo mimi, kosa linalowapoteza wengi si uvivu wala uhaba wa akili, bali ni kuudhania ufadhili kuwa ni sadaka, kwamba yuko mtu karimu mahali fulani anayegawa fedha kwa kila mwenye alama nzuri, na kazi ya mwanafunzi ni kumpata mtu huyo kabla ya wenzake. Fedha ya masomo haitolewi bila ya gharadhi. Dola hutaka marafiki wa miaka thelathini ijayo. Kampuni hutaka mafundi na jina jema. Chuo hutaka wanafunzi hodari wa kukiinua hadhi. Profesa hutaka mikono na akili katika maabara yake. Na serikali ya nyumbani hutaka madaktari, wahandisi na walimu wa hisabati. Kusema hivi si kuwatia ila watoaji. Hata mababu zetu wa pwani, walipoweka shamba la minazi au nyumba kuwa wakfu kwa ajili ya ilimu, waliandika katika hati zao nani anufaike nazo na kwa sharti gani, na hapana aliyewalaumu kwa hilo. Mwenye kuijua gharadhi ya mtoaji huujua mlango wa kubisha. Na asiyeijua hubisha milango yote kwa barua moja, akarudi akidhani kwamba dunia haimtaki.

Mifano ya zamani inalidhihirisha jambo hili vyema kuliko nadharia. Lamu, katika chuo cha Riyadha kilichoasisiwa na Habib Saleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, wanafunzi waliotoka mbali walipata makazi na chakula ili washughulike na kusoma tu. Gharadhi ya hapo ilikuwa dini, na ilimu iliyosomwa ilikuwa ile iliyokusudiwa. Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni walichanga fedha ili Waislamu wa Afrika ya Mashariki, walioachwa nyuma katika elimu ya kisasa, wapate mahali pa kusoma uhandisi na ufundi. Chuo kile, kilichojulikana kwa herufi za MIOME, ndicho hiki ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Huo, kwa rai yangu, ulikuwa ufadhili wa uhandisi wa mwanzo mkubwa katika pwani hii, nao haukuanza kwa tangazo la kumlipia mwanafunzi mmoja mmoja ada yake, bali kwa watu wenye uwezo kukubaliana kwamba upo upungufu, na kwamba upungufu huo una bei.

Kisha ukaja mwaka 1959. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipowasafirisha wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ya kukodi, mwezi wa Septemba mwaka huo, wengi wao walikuwa wamekwisha kupewa nafasi na misaada ya ada na vyuo vya Marekani. Kilichowakwamisha hakikuwa akili wala ada, bali nauli. Watu mashuhuri wa Marekani, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia saini barua ya kuwaomba wananchi wenzao fedha ya ndege, na mwaka uliofuata mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Katika msafara wa mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha Kikatoliki cha Atchison, Kansas, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Nitamrudia bibi huyu baadaye, kwa kuwa safari yake ya pili, isiyosimuliwa sana, ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa sayansi.

Katika miaka ile ile Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba wa Kongo mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake; nchi za Jumuiya ya Madola, zilizokutana Oxford mwaka 1959, zikaanzisha mpango wao wa kuwalipia wanafunzi, na ukawapokea wa kwanza mwaka 1960. Tarehe hizi kukaribiana namna hii si kwa sadfa. Mataifa makubwa yalikuwa yakishindania nyoyo za nchi zilizo karibu kupata uhuru, na mwanafunzi wa Tanganyika au wa Kenya aliyeiona hali hiyo aliweza kuchagua. Hali hiyo haijakwisha, ila majina yameongezeka: leo Uchina, Urusi, Uturuki, Hungaria, India, Japani na Korea ya Kusini hutoa nafasi kila mwaka, na zote hupenda masomo ya sayansi na uhandisi, kwa sababu mhandisi aliyejifunza mitambo ya nchi fulani huiagiza mitambo ya nchi hiyo.

Na tuanze na shahada ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowahusu wengi. Hapa ukweli ni mchungu kidogo: kwa kiwango hiki, fedha nyingi iliyopo ni mkopo, si ufadhili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ile ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, zimewasomesha maelfu kwa maelfu ambao wasingesoma kamwe, nami naziheshimu kwa hilo. Lakini mkopo ni deni, na Mtanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mwaka wa masomo 2022/2023 serikali ya Tanzania ilianzisha ufadhili unaoitwa Samia Scholarship, kwa ajili ya wale waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita na wakachaguliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba katika vyuo vya ndani. Huo si mkopo, na haurudishwi. Naona ni hatua iliyo sawa, kwa sababu inamwambia mtoto wa kidato cha kwanza, aliye shuleni huko Newala au Kasulu, kwamba hisabati ina malipo yanayoonekana.

Nje ya nchi, nafasi za shahada ya kwanza zinazolipa kila kitu ni chache, na zilizo nyingi hutolewa na serikali kwa serikali, hutangazwa na wizara, na huendana na mwaka mmoja wa kujifunza lugha ya huko kabla ya kuingia darasani. Mwaka huo watu huuona kama mzigo, ilhali mimi nauona kama zawadi, maana mhandisi ajuaye Kichina au Kirusi pamoja na Kiingereza hana washindani wengi. Jambo moja tu nalisisitiza hapa: kabla ya kukubali nafasi, mwanafunzi aulize kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa nyumbani, na kama kwa mhandisi itamwezesha kusajiliwa; kwa Tanzania maswali hayo hujibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ni heri yajibiwe kabla ya safari kuliko baada ya miaka mitano.

Kwa shahada ya uzamili milango huzidi kufunguka, na hapa ndipo gharadhi za watoaji huonekana kwa uwazi hata katika masharti yao. Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, humtafuta mtu atakayekuwa kiongozi, na kwa hiyo humtaka awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na arudi kwao kwa miaka miwili baada ya kusoma. Mhandisi anayeiomba kwa kueleza alama zake tu, pasi na kueleza alichokiongoza na anachokusudia kukiongoza, amejibu swali asiloulizwa. Shirika la Ujerumani la DAAD, lililoasisiwa mwaka 1925, lina mpango wa kozi za maendeleo unaotaka vilevile miaka miwili ya kazi, na shahada ya kwanza isiyozidi miaka sita tangu ipatikane. Hapo panatakiwa mtu wa maji, wa nishati, wa kilimo au wa afya, aliyekwisha kuliona tatizo kwa macho yake. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ni ya namna nyingine kabisa: haiulizi sana juu ya uongozi, haimfungi mtu kurudi, humsomesha katika vyuo viwili au zaidi vya nchi mbalimbali, na humpa posho ya euro 1,400 kwa mwezi pamoja na kumwondolea ada. Gharadhi yake ni kuvisifisha vyuo vya Ulaya na kuvifungamanisha, basi hutazama ubora wa masomo na kufaa kwa kozi. Mtu mmoja aliye yule yule, mwenye vyeti vile vile, hana budi kuandika barua tatu zisizofanana kwa watoaji hawa watatu, na tafauti hiyo si unafiki. Ni adabu ya kumjibu kila muulizaji kwa alichouliza.

Ujerumani inahitaji neno la ziada, kwani huenea habari kwamba kusoma huko ni bure, na vijana wengi huishika habari hiyo nusu. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya umma vya huko, kwa sehemu kubwa, havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limewatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Lakini ili kupata viza, asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha kwamba anayo fedha ya kujikimu mwaka mzima, iliyowekwa katika akaunti maalumu ambayo humpa kidogo kidogo kila mwezi, na kiasi hicho, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904. Elimu ya bure isiyo na chakula ndani yake si ya bure kwa mtoto wa mkulima wa korosho.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Mlango mpana kuliko yote kwa mwanafunzi wa sayansi na uhandisi hauitwi ufadhili, wala haumo katika orodha za ufadhili zinazosambazwa kwa simu kutoka kundi hadi kundi, na kwa sababu hiyo wengi wetu huupita bila ya kuuona. Nao ni huu: katika nchi zenye viwanda, utafiti wa sayansi na uhandisi hulipiwa na serikali na makampuni kwa fedha za miradi, na fedha hizo huwa mikononi mwa profesa mwenye maabara, ambaye hawezi kuufanya utafiti peke yake. Anahitaji wanafunzi wa uzamivu. Marekani, mwanafunzi huyo huajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti au msaidizi wa kufundisha, huondolewa ada na kupewa posho kila mwezi. Katika Uswidi, Norwei na Uholanzi, kwa kawaida huwa mwajiriwa hasa, mwenye mkataba na mshahara na likizo, na nafasi yake hutangazwa kama kazi nyingine yoyote ile. Huko Thuwal, katika pwani ya Bahari ya Sham, chuo cha KAUST cha Saudi Arabia, kilichofunguliwa mwaka 2009, huwalipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kinaowakubali, pasi na kujali wametoka wapi. Basi anayetafuta tangazo lenye neno skolashipu, na kuyaacha matangazo ya nafasi za uzamivu na orodha za maabara, amekwenda sokoni kutafuta samaki kwa muuza vyungu.

Na huo ndio upande wa pili wa habari ya Wangari Maathai. Aliporudi Kenya mwaka 1966, akiwa na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alipata kazi ya msaidizi katika idara mpya ya anatomia ya mifugo, Nairobi, iliyokuwa chini ya Profesa Reinhold Hofmann wa Giessen, Ujerumani, na profesa huyo akamtia hima aendelee. Mwaka 1967 akaenda Giessen na Munich kufanya utafiti, akarudi, na mwaka 1971 akapata uzamivu wake Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuufikia. Watu huikumbuka ndege, ilhali uzamivu ulianzia katika maabara, kwa mtu aliyemwona akifanya kazi kwa umakini mbele ya hadubini.

Namna ya kumwendea profesa haina uchawi, bali inahitaji saburi. Mwombaji asome makala mbili au tatu za karibuni za mtu huyo, aelewe angalau swali linaloulizwa humo, kisha aandike barua fupi, isiyozidi ukurasa mmoja, yenye jina la profesa na si anwani ya jumla, akieleza ni kipi katika kazi hiyo kilichomvuta, yeye mwenyewe amefanya nini kinachokaribiana nacho, hata kama ni mradi wa mwaka wa nne wa kupima madini ya floridi katika maji ya visima, na aulize kama ipo nafasi. Barua ishirini za namna hii zinaweza kupata majibu matatu, na majibu matatu ni mengi. Barua mia mbili zinazoanza kwa sifa za profesa asiyetajwa jina hazipati hata moja, na inaniuma kuona vijana wenye akili zao wakiendelea kuzipeleka kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Na aangalie pia fedha zisizomhusu: kwa mfano, ufadhili mashuhuri wa utafiti wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, ulioanza mwaka 1952 na unaojaa katika orodha zote, ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo tu, na Mwafrika anayepoteza juma zima kuuandalia maombi amepoteza juma lile bure.

Iko vilevile njia isiyomtoa mtu Afrika, ambayo naona hatuipi taadhima inayostahili. Umoja wa Afrika una Chuo Kikuu chake, na taasisi yake ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu iko Juja, karibu na Nairobi, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Huwalipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka bara zima. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Muizenberg, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2003, kipo chuo cha AIMS cha sayansi za hisabati, kilichoanzishwa na Neil Turok, mwanafizikia ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Afrika ya Mashariki, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa ya ubaguzi. Na tawi lake jingine liko Rwanda. Nairobi, kituo cha wadudu cha icipe, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimelea watafiti wa uzamivu kwa miongo mingi, na ndicho kinachosimamia mfuko wa kikanda unaoitwa RSIF, ambao humsomesha mhadhiri kijana katika chuo cha Kiafrika na kumpeleka kwa muda katika maabara ya mbali. Faida ya njia hii ni kwamba mtu hubaki karibu na tatizo analolichunguza. Anayetaka kumjua nzi wa matunda wa Kiafrika ana sababu gani ya kuihama Afrika?

Nimtaje hapa mtu mmoja asiye wetu, ambaye maisha yake yanalielezea jambo hili kuliko hoja zangu. Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 Punjab, katika Bara Hindi la wakati ule, kwa wazazi wasio na mali. Katika Vita Vikuu vya Pili, fedha zilichangwa jimboni kwa ajili ya vita. Vita vikaisha nazo zimebaki, wakubwa wakaamua zisomeshe watoto wa wakulima wadogo nje ya nchi. Wachache walichaguliwa, naye akiwamo, na kwa kuwa nafasi moja iliachwa wazi ghafula katika chuo cha St John's, Cambridge, yeye akasafiri mwaka 1946, na wenzake wakaambiwa wangoje mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata nchi ikagawanyika, na ufadhili ukafa. Salam akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, lakini jambo la kumshukuru zaidi ni kwamba mwaka 1964, akiikumbuka njia ile nyembamba aliyoipita peke yake, aliasisi Trieste, Italia, kituo cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Kituo hicho hutoa mpaka leo mwaka wa masomo ya stashahada unaolipiwa kikamilifu, kwa waliomaliza shahada na wanaohitaji kuimarishwa kabla ya uzamivu, na tangu mwaka 2018 kina ndugu yake Kigali. Trieste hiyo hiyo kimo chama cha wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, kinachowalipia wanawake uzamivu katika vyuo vya nchi zinazoendelea zenyewe. Na mfuko wa Schlumberger, tangu mwaka 2004, huwalipia wanawake wa nchi zetu wanaosoma sayansi na uhandisi katika vyuo vikubwa duniani. Dada zetu wasione haya kuomba mahali palipowekwa kwa ajili yao; hapana aliyependelewa kwa kurudishiwa nafasi aliyonyimwa.

Yabaki ya gharama za kutafuta, ambazo hazionekani katika tangazo lolote. Pasi ya kusafiria, nakala rasmi za matokeo, mtihani wa Kiingereza ambao peke yake huweza kupita mshahara wa mwezi wa mwalimu, nauli ya kwenda Dar es Salaam kuufanya: hii ndiyo nauli iliyowakwamisha wanafunzi wa mwaka 1959, katika sura mpya. Vyuo vingi vya Marekani huiondoa ada ya maombi kwa anayeomba kuondolewa, na vingine vimeacha kuutaka mtihani wa GRE wa kujiunga na uzamili au uzamivu. Baadhi ya vyuo vya Ulaya hukubali barua ya chuo inayothibitisha kwamba mwombaji alifundishwa kwa Kiingereza. Yote haya hupatikana kwa kuuliza tu. Na kuhusu wale wanaoandika kwamba umechaguliwa, utume kiasi fulani kwa simu ili jina lako lisajiliwe: katika mifuko mikubwa niliyoitaja humu, sijui hata mmoja unaomtoza mtu fedha ili apewe fedha.

Nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya bara, ilitufikia siku moja bahasha kutoka ofisi fulani, ndani yake tangazo la nafasi za kusoma uhandisi nje, limepigwa mhuri, limesainiwa kwa adabu zote, na tarehe ya mwisho ya kuomba ilikuwa imepita siku kumi na moja. Nilikuwa na mvulana darasani ambaye nafasi ile ilikuwa kama imeandikwa kwa jina lake. Sikumwonyesha. Tangu siku hiyo nimeacha kungoja bahasha, na nimejifunza kuuhesabu mwaka kwa milango yake: Januari na Februari ni ya Hungaria na Uturuki, na Uchina huwa katika majira hayo hayo, Aprili na Mei ubalozi wa Japani hupokea maombi yake, Julai ni ya matokeo, na nyuma yake hufuata mikopo na ufadhili wa nyumbani, Agosti hufunguka Chevening, na DAAD huwa imekaribia, kuanzia Oktoba hadi Januari ni kozi za Erasmus Mundus, moja moja, kila moja na tarehe yake, na Desemba, katika majuma yake mawili ya mwanzo, hufungwa milango ya uzamivu katika vyuo vingi vya Marekani. Barua za wadhamini huhitajika karibu kote huko, mbili au tatu, nazo ndizo zinazochelewa zaidi, kwa kuwa mwalimu ana madarasa manne na umeme wa mashaka. Kwa hiyo anayeomba Desemba amwendee mwalimu wake Septemba, amchukulie nakala ya matokeo na maelezo ya mradi alioufanya chini yake, na amkumbushe kwa upole Oktoba, na Novemba tena.